Transfoma Zisipimwe kwa Bei Tu

Kituo cha umeme cha Kidatu, kusini ya Mikumi, kilianza kazi mwaka 1975, na mitambo yake minne ina uwezo wa megawati 204. Tangu mwaka 2024 treni za umeme nazo hupita Kilosa zikielekea Dodoma. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Lakini kuzalisha umeme ni jambo moja, na kuuhifadhi usipotee njiani ni jambo jingine.

Sehemu ya upotevu huo imo ndani ya transfoma. Kiini chake ni chuma ambacho usumaku wake hugeuzwa huku na huku mara 50 kila sekunde, na kila mgeuko hula umeme na kuacha joto. Hali hiyo haikomi hata usiku wa manane, taa zote za Kilosa zikiwa zimezimwa. Transfoma ikipoteza wati 200 tu kwenye kiini, kwa mwaka hupoteza uniti 1,752. Haba na haba hujaza kibaba.

Dawa yake inajulikana. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 viini hutengenezwa kwa chuma kilichotiwa silikoni kidogo, katika mabati membamba yaliyopangwa pamoja. Mwaka 1934 Norman Goss wa Marekani alipewa haki ya uvumbuzi wa namna ya kukiandaa chuma hicho ili chembe zake zielekee upande mmoja, na upotevu ukapungua zaidi.

Chuma bora ni ghali, na hapo ndipo penye mtihani. Mtumishi anayechagua zabuni ya bei ya chini huonekana ameokoa fedha za umma, kumbe taifa litalipa gharama ya umeme unaopotea kwa miaka mingi. Kwa hiyo hapana budi kila zabuni itaje wati zinazopotea kwenye kiini, na gharama yake kwa umri wote wa transfoma ijumlishwe na bei. Kiwanda cha Tanelec cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, na washindani wake wapimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Walimu wa fizikia wa Kilosa, na wale wa chuo cha VETA Mikumi, nao wana wajibu. Wawape wanafunzi hesabu hii waifanye wenyewe, kwani ndio watakaoketi kesho kwenye kamati za zabuni.