KUONDOA UPOTEVU, SI KUONDOA WATU



Katika viwanda vingi siku hizi matajiri wanaita mikutano ya "kuondoa upotevu". Mfanya kazi akisikia hivyo hushtuka, kwani mara nyingi kinachoondolewa ni watu. Basi yafaa tujue asili ya mafundisho haya, tusije tukakataa jambo jema au kukubali jambo baya kwa kutojua.

Yalitoka Japani, katika viwanda vya magari vya Toyota, baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Mhandisi Taiichi Ohno alihesabu aina 7 za upotevu: kutengeneza mali kupita inayotakiwa, kungoja, kuchukua mali huku na huko bila sababu, kuongeza kazi ambayo mnunuzi haihitaji, kurundika mali ghalani, mwendo wa bure, kama kuinama na kutafuta vyombo, na kutengeneza vitu vibovu. Wajapani huita upotevu huo "muda", ingawa kwao neno hilo halina maana ya wakati kama kwetu.

Tazameni orodha hiyo vizuri. Hakuna mahali inaposema kwamba mfanya kazi ni upotevu. Nani aliyeagiza mali ikajaa ghala? Nani aliyeweka stoo mbali na mashine? Watu wakikaa kutwa wakingoja spea, je, wao ndio wavivu? Mambo hayo huamuliwa ofisini, lakini anayeyaona kwanza ni yule asimamaye penye mashine. Ndiyo sababu Toyota humpa mfanya kazi kamba ya kuvuta aonapo kosa. Lisipotengenezwa upesi, kazi husimama.

Sasa twauliza: wakionyesha watu 5 njia ya kazi kufanywa na 4, yule wa tano atakwenda wapi? Akifukuzwa, hakuna atakayefungua kinywa tena, na upotevu utabaki pale pale.

Huko California, Marekani, kiwanda cha NUMMI cha Toyota na General Motors kilianza kutoa magari mwaka 1984. Chama cha UAW kilipatana nacho mwaka 1985 kwamba watu wasipunguzwe isipokuwa kampuni yenyewe imo hatarini, na kwanza mishahara ya wakubwa ikatwe. Mauzo yalipoanguka mwaka 1988, wafanya kazi walipelekwa mafunzoni, hawakuachishwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2010, lakini fundisho lake halikufungwa.

Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yataka tajiri akipunguza watu akipe chama na afisa wa kazi notisi isiyopungua mwezi mmoja, na amlipe kila aachishwaye mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotumika. Hiyo ni kinga ya mwisho. Sisi twataka kinga ya kwanza.

Kabla ya mkutano wowote wa upotevu, wawakilishi wenu wadai mambo 3: asiachishwe mtu kwa sababu ya shauri lililotolewa na wafanya kazi, dakika zilizookolewa zisigeuzwe kuwa mbio za mashine, na faida igawanywe. Nasi kwa upande wetu tusifiche kazi mbovu.

Yote yaandikwe katika mkataba na kutiwa sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi ya mdomo ni vivyo hivyo.