Si Mrina Asali Aliyeumaliza Mau

Kila Mto Mara unapopungua maji, linarudi jibu lile lile: watolewe watu msituni, miti itarudi. Nimelisikia redioni, nimelisikia hata kwa wasomi ninaowaheshimu. Kwa Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau unaolisha mto huo, jibu hilo ni uongo unaobomoa nyumba.

Tuanze na mzinga. Mwogiek huuchonga kwa gogo la mwangati, akaupandisha juu ya mti mkubwa, nyuki wajaze kwa utulivu. Kila ukoo una ukanda wake wa msitu, umetoka bondeni ukapanda hadi kwenye baridi ya juu, maana maua hayachanui kote kwa wakati mmoja. Yakinyauka chini, mrina asali anafunga safari na moshi wake kwenda kwenye mizinga ya juu. Mtu wa namna hii afyeke msitu ili ale nini? Mti ukianguka, ua limekwenda, na nyuki nao wanahama.

Sasa tuulize nani aliyefyeka. Mwaka 2001 serikali ya Kenya yenyewe ilitangaza kuondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau kwenye hifadhi. Ardhi ikagawiwa, na wenye vyeo wakajikatia mashamba makubwa. Kabla ya hapo kampuni za mbao zilipewa vibali vya kuvuna. Hawa hawakuingia usiku kwa kunyemelea. Waliingia mchana, wameshika karatasi zenye mihuri.

Nitaambiwa Waogiek wa leo wanalima mahindi na kufuga ng'ombe. Ni kweli, wengi wanalima. Lakini watu hawa wamefukuzwa tangu enzi za mkoloni. Katika miaka ya 1930 Tume ya Ardhi ya Carter ilipendekeza wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila mengine, kana kwamba hawakuwa kabila. Unamnyang'anya mtu mzinga, unamwachia kijishamba, kisha unamshitaki kwa kushika jembe! Naona uchungu kuandika haya, kwa sababu shitaka la kuharibu msitu lilishasikilizwa na kuamuliwa.

Liliamuliwa Arusha. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikataa hoja kwamba kuhifadhi Mau kunahalalisha kuwaondoa Waogiek. Ilisema wazi kuwa uharibifu umeletwa na watu wengine waliovamia msitu, na ardhi iliyomegwa na serikali, na vibali vya kukata miti. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Novemba 2023, msimu wa mvua, askari wakaingia kwa Waogiek wa Sasimwani, Narok. Nyumba zikavunjwa, nyingine zikachomwa, watoto wakalala nje. Tukaambiwa ni uhifadhi.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 63, inaitaja ardhi ya asili ya jamii za wawindaji na wakusanyaji kuwa ardhi ya jamii. Basi hati itoke, kwa jina lao. Na siku miche itakapopelekwa Mau, waanze kuulizwa wazee wa koo za Waogiek, ambao bado wanaweza kukuonyesha kila mahali mwangati uliposimama.