Foleni Haifundishi Mpira

Mwandishi mmoja wa safu ya michezo anatuambia kwamba watoto wa miaka 6 wanaofundishwa mpira kwa michezo wanapotezewa muda. Anataka wapangwe foleni, wazunguke koni, wasubiri filimbi. Haya, tuhesabu.

Watoto 12, mpira mmoja, foleni moja: kila mmoja anapata zamu yake, kisha anasimama akichimba vumbi kwa kidole cha mguu mpaka wenzake 11 wamalize. Sasa mpe kila mtoto mpira wake, namba 3, waingie wote ndani ya mraba, na mmoja awe papa wa kuwapokonya. Papo hapo kila mguu una kazi: huyu anauvuta mpira kwa wayo, yule anaugeuza kwa upande wa nje, macho juu yakimsaka papa. Kocha hajamwambia yeyote ainue kichwa.

Nidhamu je? Katika mchezo wa taa za barabarani, kocha akiita “nyekundu!” na mtoto akaukanyaga mpira ukatulia, unataka nidhamu gani tena?

Ronaldinho na Neymar walikulia kwenye futsal, ambako uwanja ni mdogo na mpira hautoki miguuni. Chandimu cha mitaani kwetu kina sifa hiyohiyo. Koni zina wakati wake, ila si katika umri huo.