Ahadi ya bei ya mafuta: nani atalipa tofauti?

Mei 2008, petroli ilipokuwa ikikaribia dola 4 kwa galoni nchini Marekani, kampuni ya magari ya Chrysler ilitoa tangazo tamu: nunua gari letu jipya, nasi tutahakikisha hulipi zaidi ya dola 2.99 kwa galoni kwa miaka 3. Mnunuzi alipewa kadi. Akijaza mafuta alikatwa dola 2.99, na kilichozidi kililipwa na kampuni.

Waliolengwa ni madereva wanaohesabu kila senti. Lakini kadi ilikuwa na mipaka yake. Iligharamia mafuta ya kutosha maili 12,000 tu kwa mwaka, kama kilomita 19,300, na aliyeichagua aliacha punguzo la fedha taslimu ambalo angepata kwenye bei ya gari. Yaani nafuu hiyo aliinunua kwa fedha yake mwenyewe. Juni galoni ilivuka dola 4, wenye kadi wakafurahi. Kabla ya mwaka kuisha ikashuka chini ya dola 2, na kadi ikabaki plastiki. Aprili 2009 Chrysler yenyewe ilikimbilia mahakamani kwa kufilisika.

Mfanyabiashara wa mpakani ana sababu ya kukikumbuka kisa hiki, maana mafuta ndiyo yanayokula nauli ya mzigo, na neno "kwetu bei haipandi" humvuta haraka mtu mwenye mtaji mdogo. Thamani ya neno hilo inategemea limetamkwa upande gani wa mpaka.

Nchini Kenya, mamlaka ya EPRA hutangaza bei ya juu kabisa kila tarehe 14 ya mwezi. Tanzania, EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza. Kwa hiyo kituo cha Namanga, upande wowote, kikijisifu kwamba hakitazidisha bei ya serikali, kinamuuzia mteja haki ambayo tayari anayo kisheria. Kikiahidi kuuza chini ya kikomo, hata kwa shilingi chache kwa lita, hapo kuna cha kuzungumza. Uganda ni habari nyingine. Huko serikali haipangi bei ya pampu, hivyo kituo kitakachokubali kuishikilia bei kwa mwezi mmoja tu kitakuwa kimebeba hatari ya kweli, na hakitafanya hivyo bure.

Hata serikali hushindwa kubeba hatari hiyo muda mrefu. Aprili 2022 madereva wa Kenya walipanga foleni vituoni huku kampuni za mafuta zikidai malimbikizo ya ruzuku iliyokuwa ikizuia bei isipande. Septemba mwaka huo ruzuku ya petroli iliondolewa na ya dizeli ikapunguzwa. Lita ya dizeli jijini Nairobi ikaruka kutoka shilingi 140 hadi 165 kwa usiku mmoja. Mwenye lori aliyekuwa ameshapatana nauli ya miezi mitatu alikuwa na njia mbili tu: ale hasara, au amrudie mwenye mzigo wagombane.

Ndiyo maana mpango wa kufunga bei, ukiuzwa kwa uwazi, ungewafaa wafanyabiashara wadogo kuliko pointi na zawadi za fulana. Ila uandikwe: lita ngapi kwa mwezi, hadi tarehe gani, tofauti inatoka mfuko wa nani, na bei ikishuka mteja analipa ipi. Uandikwe pia vituo vyenyewe viko wapi. Lori linalotoka Mombasa kwenda Kigali kupitia Malaba linaikata Uganda yote kabla ya kufika, na kadi inayofanya kazi Kenya pekee itamwacha dereva ajaze Tororo kwa bei ya siku hiyo.