Ubalozi Utamdaije Mtu Ambaye Jirani Anamkana?

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Novemba 2025, Bob Njagi na Nicholas Oyoo waliachiliwa na kupitishwa katika mpaka wa Busia, baada ya siku 38 ambazo jamaa zao hawakujua kama wa hai au wamekufa. Njagi ni mtu wa Kitengela. Kwa hiyo sisi tunaoishi kando ya barabara hii ya Namanga hatuwezi kuisoma habari yake kama ya mbali.

Wawili hao walikamatwa na watu wenye silaha mjini Kampala tarehe 1 Oktoba, walikokuwa wamekwenda kuiunga mkono kampeni ya Bobi Wine. Wako wasemao kwamba Mkenya hana shughuli katika siasa za jirani, na kwamba waliyataka wenyewe. Hoja hiyo siidharau. Nchi ina haki ya kumfukuza mgeni asiyetakiwa, na ikiwa amevunja sheria, ina haki ya kumshtaki. Lakini Katiba ya Uganda yenyewe, katika kifungu cha 23, inaamuru kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika muda wa saa 48, na haimbagui mgeni. Njagi na Oyoo hawakuiona mahakama hata siku moja.

Basi ubalozi wetu ulikuwa wapi? Wengi waliuliza hivyo kwa hasira, nami nadhani swali hilo linahitaji kujibiwa kwa utulivu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, katika kifungu cha 36, unasema kwamba mgeni akikamatwa ni lazima aelezwe bila kukawia kuwa anaweza kutaka ubalozi wake uarifiwe. Maafisa wa ubalozi nao wana haki ya kumtembelea, kuzungumza naye na kumtafutia wakili. Mwaka 2001, katika kesi ya ndugu wawili Wajerumani waliotekelezewa hukumu ya kifo huko Marekani pasipo kuelezwa haki hiyo kwa wakati, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu mwenyewe, si ya serikali yake peke yake.

Hata hivyo, mambo yote hayo yana mwanzo mmoja: anayemshikilia mtu akiri kwamba anaye. Serikali ya Kenya iliiandikia Uganda kuuliza. Mawakili nao walikwenda katika Mahakama Kuu ya Kampala kuomba wawili hao waletwe wakiwa hai, na vyombo vya usalama vikajibu kwamba havinao, ombi likatupwa. Afisa wa ubalozi atamtembelea nani katika jela ambayo haipo? Baada ya wao kuachiliwa, Rais Museveni mwenyewe alisema hadharani kwamba walikuwa wamewekwa kwenye friji kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kila jibu lililotolewa mahakamani lilikuwa si kweli, na lililobaki ni simu za wakubwa kwa wakubwa.

Mei mwaka huo huo Boniface Mwangi alikamatwa Dar es Salaam. Wizara yetu ya Mambo ya Nje ililalamika kwa maandishi kwamba maafisa wake walizuiwa kumwona, ikautaja Mkataba wa Vienna kwa jina. Siku hiyo hiyo akapatikana ametupwa karibu na mpaka, upande wa Kwale. Malalamiko ya hadharani, yenye kutaja sheria, yana nguvu kuliko barua iliyofichwa mezani.

Lakini ni nani atakayeyasikiliza malalamiko ya Nairobi? Tarehe 19 Agosti 2024, Njagi huyu huyu alitekwa hapa hapa nyumbani, pamoja na ndugu wawili wakazi wa Kitengela. Mahakama Kuu ilipomwita Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi aje kueleza waliko, hakuja, hata akahukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama. Watu hao waliachiliwa tarehe 20 Septemba, usiku, bila shtaka. Miezi miwili baadaye Kizza Besigye alinyakuliwa jijini Nairobi na kuibuka katika mahakama ya kijeshi ya Kampala. Mwenye kuona hayo huko Kampala au Dodoma ataichukulia barua ya Kenya kuwa adabu ya kidiplomasia tu, wala hatakosa usingizi.

Ipo njia ambayo haitegemei hisani ya wakubwa. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha iliamua mwaka 2007, katika kesi ya Katabazi, kwamba Uganda ilivunja Mkataba wa Jumuiya kwa kuwakamata upya watu waliokwisha kupewa dhamana. Raia yeyote wa Jumuiya aweza kushtaki huko. Ila mlango wake ni mwembamba: shauri sharti lifunguliwe ndani ya miezi miwili, na wengi hulijua hilo muda ukiwa umekwisha pita.

Tangu mwaka 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho tu, na wafanyabiashara wetu hufanya hivyo kila wiki. Wao si wanasiasa, lakini mzigo wenye matatizo ya forodha waweza kumtia mtu korokoroni vile vile. Msafiri na aache nyumbani nakala ya kitambulisho, njia atakayopita na jina la mwenyeji wake. Akikamatwa, atamke wazi kwamba anataka ubalozi wa Kenya uarifiwe, kwa maana Mkataba wasema ubalozi huarifiwa mwenyewe akiomba. Asitarajie kulipiwa faini wala kutolewa jela. Hilo si kazi ya ubalozi. Na jamaa zake wasingoje siku ya tatu ndipo waende wizarani. Waende siku ile ile simu yake ilipozimika, na wadai kupokelewa kwa maandishi.