KONA YA MWALIMU: Gari Linalokunywa Oili

  Mwezi uliopita tuliongea juu ya kumsaidia mtoto kusoma jioni. Leo mnivumilie, nitaongea juu ya gari. Mama, usigeuze ukurasa! Hata kama kwenu hakuna gari, mahindi yako yanapanda gari kwenda Mbarara, na mashine nyingi za kusaga zinatumia injini ya mazutu, ile wengine wanaita dizeli. Injini ikifa, nauli inapanda, na unga nao unapanda.

Habari yenyewe ilitokea kwetu. Baba yangu mdogo ana pikapu ya zamani, Toyota Hilux yenye injini ya 3L, silinda 4, haina turbo. Waliinunua watu watatu kwa kuchanga, na karo ya watoto wa nyumba tatu inatoka humo. Mwaka jana gari likaanza kunywa oili. Kila asubuhi ni kuongeza, na kila safari moshi wa bluu unafuata nyuma. Fundi mmoja akaliangalia, akasema: "Injini imekufa. Tuifungue yote, au muuze gari." Pesa aliyotaja ilikuwa ya kuuza mbuzi wote na bado kukopa. Wale watatu wakaanza kutazamana vibaya. Mmoja alitaka kuuza, mwingine alitaka kukopa, na baba mdogo hakulala.

Nikamwambia: "Baba mdogo, kabla ya kuuza mbuzi, tujue kwanza gari linakunywa kiasi gani." Akacheka: "Mwalimu, wewe ni mtu wa chaki. Oili utaijulia wapi?" Nikamjibu: "Oili siijui sana, lakini kugawanya nakujua."

Daftari la oili

Tulichukua daftari la shule, kurasa mbili tu. Mtoto wake wa darasa la sita ndiye alikuwa karani. Kila asubuhi aliandika tarehe, kilomita za gari, oili imefika wapi kwenye kijiti, na imeongezwa kiasi gani. Kuongeza tulipima kwa chupa ya maji ya nusu lita, siyo kwa macho. Baada ya majuma mawili tukapiga hesabu: kilomita 1,200, oili lita 4. Maana yake lita 1 kila kilomita 300.

Hiyo ni nyingi. Kila injini inakula oili kidogo, hata mpya. Vitabu vingi vya magari ya Toyota vinaandika kwamba kiwango cha juu ni lita 1 kwa kilomita 1,000. Ukipita hapo, kuna kasoro ya kutafuta. Lakini kasoro si lazima iwe kifo cha injini.

Siku moja karani wetu akaniletea daftari akasema: "Mwalimu, angalia. Siku tunayoongeza sana ndiyo siku gari linakunywa sana." Nikaangalia, kweli. Tukaenda kuona baba mdogo anavyopima. Alikuwa anapaki kwenye mteremko mbele ya nyumba, anazima injini, anavuta kijiti hapo hapo. Wakati huo oili nyingi bado iko juu ndani ya injini, haijateremka. Kijiti kinaonyesha kwamba imepungua, yeye anaongeza. Kumbe anapitisha alama ya juu! Oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaipiga mpaka inatoa povu, nyingine inapandia kwenye bomba la kupumulia la injini, inavutwa pamoja na hewa na kuungua. Ndiyo ule moshi. Kesho yake anaongeza tena.

Basi wapendwa, mpime hivi: gari liwe mahali pa tambarare, injini izimwe, mngoje dakika tano hadi kumi. Futa kijiti, kirudishe mpaka mwisho, ukitoe tena ndipo usome. Oili iwe kati ya alama mbili, isipite ya juu.

Na hapa kuna hatari ambayo madereva waijue. Oili ikizidi sana, au turbo ikiharibika, injini ya mazutu inaweza kuivuta oili na kuitumia kama mazutu. Inapiga kelele yenyewe, na hata ukitoa ufunguo haizimiki. Kwa gari la gia za mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu zote, aweke gia kubwa, aachie klachi ili injini izimike. Watu wote, zaidi watoto, wakae mbali.

Oili inapita wapi?

Mara nyingi oili inapotea kwa njia mbili: inavuja nje au inaungua ndani. Usiku weka katoni chini ya injini. Asubuhi ukiona madoa, tafuta gasketi au sili iliyochoka. Ya kwetu ilikuwa inavuja kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, kitu cha bei ndogo kabisa.

Moshi nao unaongea. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweusi ni mazutu mengi kuliko hewa, pengine filta ya hewa imeziba. Moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto, pengine ni maji yanaingia ndani, au mazutu hayaungui vizuri. Na ukiona oili inaongezeka yenyewe kwenye kijiti, usifurahi! Ni mazutu au maji yamechanganyika nayo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji. Zima, ita fundi.

Jambo lingine ni vumbi letu la kiangazi. Filta ya hewa ikikaa vibaya, au mpira wake ukipasuka, vumbi linaingia kwenye silinda na kusugua ringi za pistoni kama msasa. Ringi zikiisha, oili inapanda juu na kuungua, na hapo kweli ni kufungua injini. Kwa hiyo kukagua filta kila juma ni kulinda oili ya kesho.

Kuchagua oili

Nilimuuliza baba mdogo anatumia oili gani. Akanionyesha kibidoni kisicho na maandishi: "Hii ni nzito, nzuri." Wazazi, uzito peke yake hautoshi. Kopo la oili lina mambo mawili ya kusoma.

La kwanza ni namba, kama 15W-40. Namba ya mbele yenye W inasema oili inatembeaje wakati wa baridi, unapowasha. Namba ya nyuma inasema inabaki nzito kiasi gani injini ikiwa ya moto. Kwa injini nyingi za mazutu za zamani, 15W-40 inafaa, lakini kitabu cha gari ndicho kinaamua.

La pili ni herufi za API. Zikianza na S, ni za injini ya petroli. Zikianza na C, ni za injini ya mazutu. CF-4 ilitoka mwaka 1990, CH-4 mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, CK-4 mwaka 2016. Injini ya mazutu inatoa masizi mengi, na oili ya C imewekewa dawa ya kuyabeba. Ukiweka isiyofaa, masizi yanaganda na kuzifunga ringi, na gari linaanza kunywa. Ndiyo maana pia oili nzuri ya mazutu inakuwa nyeusi haraka. Weusi huo ni kazi inafanyika, siyo ubaya. Magari mapya yenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi yanataka oili ya pekee, msibahatishe.

Oili iliyokwisha kutumika msiirudishe kwenye injini, hata ikichujwa kwa kitambaa. Na msiimwage chini, maji tunayokunywa yako karibu. Watoto wasiichezee, inadhuru ngozi.

Mwisho wa habari

Tulipunguza oili iliyozidi, tukabadilisha gasketi, kisha tukamwaga oili yote na kuweka 15W-40 ya CH-4 pamoja na filta mpya. Daftari likaendelea. Majuma mawili mengine: kilomita 1,200, lita 1 na nusu. Maana yake lita 1 kila kilomita 800. Sitawadanganya, bado inapita kiwango. Ringi zimezeeka, na siku moja injini itafunguliwa. Lakini kuzeeka siyo kufa. Wale watatu walikaa chini, wakakubaliana kila juma kuweka kando pesa ya ile oili waliyokuwa wanapoteza, iwe ya matengenezo. Mbuzi wako zizini, na watoto wako darasani.

Sisemi fundi alidanganya. Aliona moshi akatoa jibu, na sisi hatukuwa na la kumuuliza. Ukienda kwa fundi na daftari, mnaongea vingine. Kwa hiyo mwenye gari, mwenye mashine ya kusaga, nunua daftari moja, mpe mtoto wako kalamu. Atakusaidia, naye atajua kugawanya kunafaa nini maishani.

Hadi mwezi ujao, mbaki salama.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.