Miezi Mitatu ya Ziwa Lililofungwa
Hapa Nchelenge, kandokando ya Ziwa Mweru, sheria hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Tarehe hizo zinajulikana, lakini kaya nyingi hupatwa na njaa kana kwamba zimevamiwa. Kwa maoni yangu, mpango wa mwaka uanzie hapo. Muhogo huchukua mwaka au zaidi kukomaa. Basi utakaotulisha wakati wa marufuku ijayo sharti upandwe katika mvua hizi. Baba, mama na vijana waketi pamoja, wagawane mashamba, kazi na akiba ya samaki wakavu. Asiyepanga huishia kuvua samaki wachanga usiku, akila leo riziki ya wanawe.